Homa hii haitaki vidonge: Panda mlima, tazama ziwa, ujenge afya

IKIWA wakaa Kaloleni, Shaurimoyo au mtaa mwingine wowote wa Kisumu, ngoja asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, hewa ikiwa safi na vumbi limelala. Teremka hadi ufuo wa Dunga, utazame kusini-magharibi, ng'ambo ya ghuba. Utaona mlima wa rangi ya samawati umejitenga peke yake, umekaa juu ya maji kama chungu kilichofudikizwa. Huo ndio mlima Homa.

Jina hilo lisikutie hofu. Wajaluo huuita Got Uma, yaani mlima mashuhuri, wala hauhusiani na ile homa ya kutetemeka inayotupeleka zahanati kila msimu wa mvua. Yamkini umeuona mlima huo tangu utotoni bila kuwazia kuukwea. Leo ukurasa huu wakuomba uwazie, kwa sababu mlima ule una faida kwa moyo wako, miguu yako, macho yako na hata akili yako. Aidha una hatari zake, na mtu akizipuuza aweza kurudi nyumbani akiwa amebebwa. Yote mawili tutayaeleza.

MLIMA ULIOZALIWA NA MOTO

Homa ni volkeno iliyozimika. Mamilioni ya miaka iliyopita ardhi ya eneo hili ilipasuka, moto wa chini ukatoka na kurundika mawe na majivu hadi pakawa na mlima. Mawe yake mengi ni ya aina adimu iitwayo kabonatiti, ambayo ni ya jamii moja na chokaa. Ukitaka kujua mlima wa namna hiyo ulivyo ukiwa hai, mfano uko jirani: Ol Doinyo Lengai kule Tanzania ndiyo volkeno pekee duniani inayotoa lava ya kabonatiti katika zama zetu.

Kilele cha Homa kiko mita 1,751 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,135. Kwa hivyo mtu anayeanzia ufuoni hupanda kadiri ya mita 600 kwenda juu. Kama umewahi kusimama chini ya jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, lenye urefu wa mita 105, hebu fikiria umelipanda hadi juu karibu mara sita mfululizo, tena bila lifti. Hiyo ndiyo kazi inayokungoja.

Nchi inayouzunguka mlima huu ni kavu kuliko milima ya Kisii iliyo nyuma yake. Ni nchi ya miiba, mawe na mbuzi. Vivuli ni vichache, na kutoka saa nne za asubuhi jua huwa kali. Jambo hili likumbuke, kwani ndilo chanzo cha ushauri mwingi utakaousoma hapa chini.

UTAKACHOKIONA KILELENI

Mtu aliyesimama Dunga, miguu ikiwa kando ya maji, haoni uso wa ziwa zaidi ya kilomita tano. Mviringo wa dunia humzuia. Lakini akiwa juu ya Homa, upeo wa macho husogea hadi karibu kilomita 90. Ghuba yote ya Winam hulala chini yako. Kaskazini-mashariki utaona Kisumu, na nyuma yake ukingo wa Nandi umesimama kama ukuta. Mashariki ni tambarare ya Kano, na kusini yake uwanda wa juu wa Nyabondo. Kaskazini, kule ng'ambo, ni Seme na kisiwa cha Ndere, ambacho kilifanywa mbuga ya taifa mnamo 1986.

Geuka magharibi na kusini-magharibi. Kule ni vilima vya Gwasi, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Hayo nayo ni mabaki ya volkeno kubwa zaidi iliyozimika, Kisingiri, ambayo mvua na upepo vimeila kwa mamilioni ya miaka. Majivu yake yaliwafunika na kuwahifadhi wanyama wa kale. Ndiyo maana mnamo 1948 Mary Leakey aliweza kupata kule Rusinga fuvu la Prokonsuli, nyani wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita.

Chini ya miguu yako napo si haba. Mnamo 2023 wataalamu walitangaza kwamba mahali paitwapo Nyayanga, katika rasi hii hii ya Homa, wamepata zana za mawe za miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokuwa na alama za kukatwa. Kwa hivyo, msomaji, wewe hutakuwa wa kwanza kutoka jasho na kutafuta chakula katika miteremko ile.

MACHO YANAPUMZIKA, AKILI INATULIA

Huenda ukauliza, kuona mbali kunahusu nini na afya? Kunahusu sana. Ndani ya jicho mna msuli mdogo unaojikaza kila unapotazama kitu cha karibu, kama vile kitabu, cherehani, simu au mchele unaochagua. Unapotazama kitu kilicho mbali, kuanzia mita sita na kuendelea, msuli ule hulegea. Fundi cherehani au mwanafunzi ashindaye siku nzima na kazi ya karibu huwa ameufungia msuli huo kazini tangu asubuhi. Kichwa kuuma jioni na macho kuwasha mara nyingi hutokana na uchovu huo. Kutazama mbali ni kumpa mfanyakazi huyo likizo.

Kwa watoto jambo lina uzito zaidi. Mnamo 2015 matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule za mji wa Guangzhou, China, yalichapishwa. Watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 hivi ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ilhali katika shule nyingine walikuwa karibu asilimia 40. Wataalamu wanaamini kwamba mwanga wa mchana ndio hasa unaolinda jicho linalokua. Kwa hiyo mzazi, mtoto wako hahitaji mlima kila wiki. Anahitaji kutoka nje kila siku.

Ama kuhusu akili, kuna uchunguzi mwingine wa siku nyingi ambao bado unatajwa. Mnamo 1984 Roger Ulrich wa Marekani alilinganisha wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Ikiwa miti michache dirishani yaweza kumsaidia mgonjwa kitandani, fikiria manufaa ya ghuba nzima kwa mtu mzima aliyeshinda mwezi katikati ya kelele za bodaboda na hesabu za kodi ya nyumba.

TAYARISHA MOYO KABLA YA MLIMA

Siku hizi wengi wetu hatutembei. Kutoka Kaloleni hadi soko la Kibuye tunaita bodaboda. Kutoka Oile hadi stendi tunapanda tuktuk. Kisha tunashangaa presha ikipanda na suruali zikikataa kufungwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Haidai pesa wala mashine.

Usiende Homa kesho. Jipe wiki sita. Wiki mbili za kwanza tembea nusu saa kila siku, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Hicho ndicho kipimo rahisi cha mazoezi ya wastani. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza.

Wiki ya tatu na ya nne, tafuta mpando. Ngazi za ghorofa zafaa. Vyafaa zaidi vilima vya Riat, juu ya Mamboleo kwenye barabara ya Kakamega. Panda pole pole, pumzika, teremka. Wiki ya tano na ya sita, panda vile vile ukiwa na mkoba wenye maji lita mbili au tatu mgongoni, kwa sababu ndivyo utakavyokwenda mlimani.

Kuteremka kusikupumbaze. Watu hudhani kazi iko katika kupanda, ilhali magoti na misuli ya paja huumia zaidi wakati wa kushuka, kwa kuwa misuli hufanya kazi ya kufunga breki. Maumivu yake hukomaa siku ya pili, na kwa kawaida huisha yenyewe. Fimbo imara, viatu vyenye meno na hatua fupi ndiyo tiba. Kandambili ziache nyumbani.

Ukiwa mlimani, mtembezi wa kawaida hupanda kimo cha mita 300 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, Homa itakuchukua saa mbili au zaidi kwenda juu tu. Usishindane na vijana. Maumivu ya kifua, hasa yakienea hadi mkononi au kwenye taya, kukosa pumzi hata baada ya kupumzika, au kizunguzungu, ni amri ya kusimama na kutafuta msaada. Kilele hakitahama.

Kuhusu hewa nyembamba, ondoa shaka. Ugonjwa wa milimani aghalabu huanza mtu akipita mita 2,500. Homa haifiki huko. Anayepaswa kuogopa ni yule anayeelekea mlima Kenya, wenye mita 5,199, au Kilimanjaro, wenye mita 5,895.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA

Hapa naomba usome taratibu. Ikiwa una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, au ikiwa umepita miaka 40 na hujawahi kupimwa, nenda ukapimwe kabla ya kuanza mazoezi. Presha ya 140 juu ya 90 au zaidi, ikirudiwa kupimwa, ni presha iliyopanda. Watu wengi wenye presha hawahisi lolote, na mtu hugundua siku anapoanguka. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kukojoza, na juani zaweza kukukausha maji upesi. Usiache dawa zako kwa ajili ya safari. Muulize daktari azipange. Mwenye kisukari abebe kitu kitamu mfukoni, na mwenye pumu abebe kivutio chake.

Lakini katika eneo letu la ziwa kuna jambo moja ambalo haliwezi kupuuzwa, nalo ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Historia yake inahusu mlima. Mnamo 1949 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, aliandamana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja mlima Kenya. Alitwaa damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona kwamba alama ya selimundu ilikuwa imeenea sana kando ya ziwa Victoria na pwani, na ilikuwa haba katika nyanda za juu. Mnamo 1954 alichapisha sababu yake: mtu aliyerithi alama hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana alama hiyo imedumu mahali penye mbu wengi.

Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye mwenye ugonjwa wenyewe. Kwa mtu huyo, kukauka maji, joto, baridi ya ghafla au uchovu mkubwa vyaweza kuleta maumivu makali ya mifupa na kifua, na hata kifo. Mtoto wa namna hiyo asichukuliwe mlimani na walimu au na kikundi cha vijana eti kwa kuwa leo anaonekana mzima. Daktari wake ndiye wa kuamua. Naye mwenye alama tu, asiye mgonjwa, kwa kawaida aweza kupanda, mradi anywe maji, apumzike na asikimbie kushindana juani. Wengi hatujui hali yetu. Kipimo chake ni cha damu, nacho hufanywa mara moja tu maishani.

Vijana, msimcheke mwenzenu anayesema amechoka. Huenda damu yake yajua asilolijua yeye.

JUA NA MAJI

Anza safari ya kupanda alfajiri, saa kumi na mbili, ili saa tano uwe unashuka. Vaa kofia pana na shati la mikono mirefu, jepesi. Kadiri unavyopanda, joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000, kwa hivyo kileleni patakuwa na ubaridi wa nyuzi nne hivi kuliko ufuoni. Upepo nao hukausha jasho kabla hujaliona. Hapo ndipo mtu hudanganyika akadhani hahitaji kunywa.

Beba maji lita tatu, unywe kidogo kidogo, kama nusu lita kwa saa. Kunywa maji matupu kwa pupa kupita kiasi nako si kuzuri, kwa sababu huzimua chumvi ya mwilini. Kwa hiyo kula njiani. Chakula chetu cha kawaida chatosha: nyoyo, viazi vitamu vya kuchemsha, njugu zenye chumvi, ndizi. Unaweza pia kubeba pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini. Ukiikosa, tengeneza yako kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Mkojo ndio kipimo. Ukiwa wa manjano hafifu, uko salama. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, umechelewa. Kaa kivulini unywe.

Mtu akilalamika kichwa kinauma, anatoka jasho jingi, amelegea na kichefuchefu kimemshika, amezidiwa na joto. Mlaze kivulini, mfungue nguo, mnyweshe, mpepee. Akianza kuweweseka, kusema maneno yasiyoeleweka, kushikwa na degedege au kuzimia, huku mwili ukiwaka, hiyo ni hatari ya kifo. Joto la mwili huenda limepita nyuzi 40. Usimnyweshe chochote ikiwa hana fahamu. Mmwagie maji, mpepee bila kukoma, na mmbebe hospitali mara moja.

RADI HAINA RAFIKI

Bonde la ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi. Mchana jua huichemsha nchi kavu, hewa hupanda, na alasiri mawingu meusi hujikusanya juu ya milima. Usiku ngurumo huhamia ziwani, jambo wanalolijua vyema wavuvi wetu. Mtu aliye juu ya kilele kitupu saa tisa za alasiri ni kama mti uliosimama peke yake uwanjani.

Kwa hiyo shuka kabla ya adhuhuri. Miezi ya Januari na Februari, kabla ya masika, ndiyo mizuri. Ukiona mwako wa radi, anza kuhesabu. Ngurumo ikisikika kabla hujafika 30, umo hatarini; ondoka kileleni na matutani, ushuke bondeni. Usijifiche chini ya mti ulio peke yake, wala msikumbatiane kikundi kizima mahali pamoja. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtu akipigwa, mguse bila woga. Mwili wake hauna umeme uliobaki, na imani kwamba utakurukia imewaua wengi waliokuwa wangali wa kuokolewa. Kama hapumui, mbonyeze kifua kwa nguvu na haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi apate msaada.

NYOKA, CHEMCHEMI NA ZIWA

Katika nyasi na mawe ya Homa yafaa ujihadhari na nyoka, hasa bafe, yule mnene mzito asiyekimbia akisikia nyayo. Usitie mkono mahali usipopaona. Mtu akiumwa, msimkate kwa wembe, msimnyonye sumu, wala msimfunge kamba ya kubana. Mvueni pete na viatu, mfungeni kiungo kwa kijiti kisitikisike, mmtulize, na mmpeleke hospitali akiwa amebebwa.

Chini ya mlima kuna chemchemi za maji moto, masalia ya ule moto wa zamani. Zitazame, lakini watoto wasizichezee, na wala usizinywe. Maji ya nchi za volkeno aghalabu yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani laweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi mifupa huharibika. Kuchemsha hakuondoi floridi.

Ukipitia Kendu Bay utakuta Simbi Nyaima, ziwa la shimo la volkeno. Wazee husimulia kwamba palikuwa kijiji kilichozama baada ya kumnyima bibi kizee makao usiku wa mvua. Flamingo hupafurahia, lakini maji yake ni ya chumvi na magadi. Si ya kunywa.

Baada ya jasho la siku nzima, tamaa ya kuoga ziwani itakushika. Jizuie. Konokono wa ufuoni hubeba vijidudu vya kichocho, na katika ziwa letu kile cha matumbo ndicho kimeenea. Huingia kupitia ngozi kwa dakika chache tu. Kama umeshaoga ziwani maisha yako yote, nenda ukapimwe. Dawa yake ipo. Na ukilala huko, lala ndani ya chandarua.

KUTOKA HOMA HADI JANGWANI

Ukishaipenda kazi hii, Kenya ina volkeno nyingine iliyozimika ambayo ni mtihani mkubwa zaidi. Huo ni mlima Kulal, katika kaunti ya Marsabit, mita 2,285 juu ya bahari. Chini yake ni jangwa na ziwa Turkana. Kutoka maji ya ziwa hadi kilele ni karibu mita 1,900, zaidi ya mara tatu ya kimo cha Homa. Chini ni mawe meusi yanayochoma, na juu ni msitu unaoishi kwa ukungu. Aliyesimama pale huona ziwa la kijani limezungukwa na nchi isiyo na mti. Mnamo 1978 UNESCO iliutambua kuwa hifadhi ya uhai.

Upepo wa huko ni mkali kiasi kwamba pangaboi 365 za kuzalisha umeme zimesimamishwa katika eneo la Loiyangalani. Upepo huo huo hukukausha bila wewe kuona tone la jasho. Asiyejifunza kunywa maji Homa, asiende Kulal.

ANZA WIKI HII

Njia ya Homa si ngumu. Kutoka Kisumu, matatu hupitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay, na kutoka hapo utapata usafiri wa kuelekea mlimani. Mlima umezungukwa na maboma ya watu na mashamba yao. Wasalimu wazee, omba ruhusa, uchukue kijana wa pale akuongoze na umlipe haki yake. Yeye ajua njia, ajua nyoka wanapojificha, na akitazama mawingu ajua saa ya kushuka. Waache jamaa zako wajue umekwenda wapi na utarudi saa ngapi. Usiende peke yako.

Lakini hayo ni ya wiki ya saba. Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, kapime presha, na kama hujui hali yako ya selimundu, uliza kipimo chake. Pili, siku tano kati ya saba, acha bodaboda utembee nusu saa. Tatu, kila ukishughulika na kazi ya karibu kwa muda, inua macho utazame mbali, hata kama ni paa la jirani.

Mama uuzaye mboga, mzee uliyestaafu, kijana uliyefungiwa nyumbani na ukosefu wa kazi, mlima ule hauulizi mtu ana nini mfukoni. Unauliza kama amejitayarisha. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Panda pole pole, na ukifika juu keti, unywe maji, uitafute Kaloleni ng'ambo ya ghuba. Kisha shuka mapema.